Kofia ya Jino la Maalim

Mashine haikukosea. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi kadhaa niliwaacha watu waseme kwamba imekosea, na nikamwacha mwanamke mmoja aamini kwamba aliyekosea ni yeye, na mimi nikaendelea kunywa chai yangu ya saa nne kama vile jambo halinihusu.

Ninafanya kazi ya meno Chake Chake, katika kliniki ya mtu binafsi. Si daktari. Ni tabibu wa meno, yaani yule anayeshinda amesimama na jina lake halimo kwenye kibao cha mlangoni. Miaka michache nyuma kliniki ilipata mashine ya kuchonga kofia za meno, na kwa kuwa daktari wetu ni mtu mzima asiyeelewana na kompyuta, aliyepelekwa Unguja kujifunza nilikuwa mimi. Nilirudi na kiburi. Sina jina jingine la kukiita.

Kofia ya jino ni kama inavyosikika. Jino likivunjika au likioza vibaya, linachongwa pembeni mpaka linabaki kisiki, kisha kisiki kinavikwa kofia ya kauri yenye sura ya jino. Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, mgonjwa aling'atishwa dongo laini, dongo likaganda, likafungwa kwenye boksi likavushwa bahari, na baada ya wiki kadhaa ikarudi kofia ambayo ama inabana ama inacheza. Siku hizi kijiti chenye kamera, ukubwa wa mswaki mnene, kinapitishwa juu ya kisiki, na jino linajitokeza kwenye skrini kubwa kama boga. Mimi nahakikisha mstari wa mpaka, pale kofia inapoishia na jino linapoanza. Vilima na mabonde ya juu kompyuta inayajaza yenyewe, kwa kutazama meno ya jirani. Nikibonyeza, mashine iliyo chumba cha nyuma inaanza kulia na kuchonga kitofali cha kauri huku inakimwagia maji. Kofia inatoka ina rangi ya zambarau. Ukishaijaribu mdomoni na kuridhika, unaitia kwenye tanuri, na humo ndimo inapopata weupe wake na ugumu wake.

Na inakaa. Hilo ndilo lililonitia kiburi. Ukipitisha sindano ya kupimia, ile ya chuma yenye ncha iliyopinda, kutoka kwenye kofia kushuka kwenye jino, ncha inateleza bila kunasa popote. Pengo lililopo ni jembamba kuliko unywele. Mgonjwa akipitisha ulimi hajui kofia imeishia wapi. Watu walikuja kutoka Wete na Mkoani wakaitazama mashine kupitia kioo cha mlango kama wanaotazama mpira, na mimi nilisimama pembeni yake kama niliyeizaa.

Lakini mashine inachonga kile ilichoonyeshwa. Ukiionyesha jino, itachonga kofia ya jino. Ukiionyesha mate yaliyotuama pembeni ya jino, itayachukua mate kuwa ni jino, na haitakuwa imefanya kosa lolote. Mkufunzi wa Unguja alilisema hili siku ya kwanza, kabla hata hajawasha kompyuta, na nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari.

Mwanamke ninayemsema ni maalim wangu wa chuo cha Kurani. Nilizaliwa Shumba Mjini, na kila mtoto wa mtaa wetu alipita barazani kwake akajifunza herufi, juzuu, kisha udhu na sala. Sisi tulimwita Maalim, na wazazi wetu nao walimwita hivyo hivyo. Hakuwa mpigaji. Alikuwa na jicho. Kabla ya sala ya alasiri alitupanga mstari nje tukiwa tumeshatawadha, akapita nyuma yetu ameinama, anatazama visigino. Maji ya udhu lazima yafike kote, na kisigino cha mtoto mwenye haraka ndipo mahali pa kwanza kubaki pakavu. "Hiki hakikupata maji," alikuwa akisema, na anakigusa kwa kidole. Ukijitetea kwamba ni padogo, alikunyooshea kata ya kuchotea maji tu, ukarudi mtungini.

Nilirudishwa mtungini kuliko mtoto mwingine yeyote. Nilikuwa na haraka tangu utotoni, na sikuiacha.

Mwezi wa Shaabani, miaka mingi baada ya hayo, Maalim aliuma kijiwe kwenye wali na gego lake la chini, upande wa kushoto, likapasuka. Upande wa kulia alikuwa hana magego siku nyingi, kwa hiyo kushoto ndiko alikokuwa akitafunia kila kitu. Daktari akalitoa mshipa lile gego, akalijaza, akalichonga kisiki, tukamvika kofia ya muda ya plastiki na kumpangia siku ya kurudi. Ramadhani ikaingia. Siku ya nne au ya tano ya mfungo kofia ya muda ikambanduka, na mchana huo huo akafika na binti yake, saa nane, kisiki kiko wazi.

Mwezi wa Ramadhani tunafungua pia baada ya tarawehe, kwa sababu hiyo hasa, watu wapate kusukutua na kumeza watakavyo. Nilitakiwa nimwambie, Maalim, nenda kwa jamaa zako hapa mjini, ufuturu, kisha urudi. Au nimbandikie ile ya muda na kumpa siku nyingine. Ni maneno ya pumzi moja. Sikuyasema, na sababu yake ilikuwa magimbi. Jioni ile wakwe zangu walikuwa wanakuja kufuturu kwangu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba mpya. Magimbi yalikuwa hayajamenywa, nazi hazijakunwa, na zamu ya baada ya tarawehe ilikuwa yangu. Nikaona nikimmaliza alasiri ile, nitakuwa nimepunguza mtu mmoja wa baadaye.

"Haitanifunguza, mwanangu?" aliniuliza akiwa ameshalala kwenye kiti.

"Haifunguzi, Maalim. Napiga picha tu."

Si kweli kwamba ni picha tu. Kabla ya kamera kuna kuosha, kukausha, na kutia uzi mwembamba chini ya fizi ili ijivute na mpaka uonekane. Maji aliyakataa. Uzi nilipojaribu, fizi ikatoa damu kidogo, akaniwekea mkono kifuani, akainuka akatema. Nikauacha uzi. Yakabaki mate. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mate yako ukiyameza hayakufunguzi, lakini mate yaliyokwisha changanyika na damu, chuma na glavu zangu za mpira hakuyaamini, kwa hiyo hakumeza hata funda moja. Aliyakusanya. Nikiyanyonya kwa mrija, yanajaa tena. Anainuka, anatema, anajilaza, anafungua mdomo, na upande wa ulimi mate yameshatuama. Yeyote aliyewahi kumtibu mfungaji wa kwetu anajua hali hiyo, na anajua kwamba dawa yake ni kungoja magharibi.

Kwenye skrini jino lilitoka vizuri pande tatu. Upande wa ulimi mstari ulifika mahali ukapotea, kisiki na fizi na mate vikawa kitu kimoja kinachong'aa. Kompyuta iliniuliza. Ilikitia rangi nyekundu kipande kile na ikauliza kama nataka kupiga picha upya. Nikashika kipanya nikachora mwenyewe, kwa kukisia, kutoka pale mstari ulipokatika mpaka pale ulipoanzia tena. Nilichora mkunjo mzuri sana, ungeupenda ungeuona. Nikabonyeza ndiyo.

Robo saa baadaye nikaivika kofia ingali zambarau. Kwa juu ilikaa sawasawa. Upande wa shavu na ubavuni ncha iliteleza. Upande wa ulimi ikanasa. Niliisikia vidoleni kama mtu anayeshuka ngazi akakuta kipandio kimoja hakipo. Nikarudia, ikanasa pale pale, urefu wa punje ya mchele. Tanuri lilikuwa bado, na hapo ndipo mahali pa kusimama, kwani kuanza upya kungetumia kitofali kingine na nusu saa nyingine tu. Daktari akachungulia mlangoni, kofia yake ya kusalia mkononi.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa," nikasema.

Maalim alikuwa katikati yetu, mdomo wazi, anasikia. Daktari akaenda zake kusali. Nikaitia kofia tanurini, ilipopoa nikaigandisha, simenti ikajaa kwenye pengo ikalifunika, nikafuta kingo, na kwa macho hakuna ambaye angejua. Hata eksirei isingenisema, kwa sababu picha zetu zinaonyesha mbavu za jino, upande wa ulimi haziuonyeshi. Hilo nalo nililijua nilipokuwa nafuta.

Akapitisha ulimi. "Hapa ndani pana kitu," akasema. "Kidogo."

"Utazoea, Maalim."

"Haya. Weye ndo mjuzi."

Akaniombea dua ndefu, mkono wake kichwani kwangu, na mimi naitikia amin huku jicho liko kwenye saa ya ukutani. Magimbi yaliwahi. Wakwe walisifu.

Simenti ya meno haikutengenezwa ikae wazi mdomoni. Ikiwa wazi inaliwa kidogo kidogo, na inapoondoka chakula kinaingia chini ya kofia, mahali ambapo mswaki haufiki. Jino lenye mshipa lingeuma mapema na mwenyewe angekuja mbio. La Maalim lilikuwa limetolewa mshipa. Lilioza pole pole kwa muda wa miaka miwili na yeye halijui.

Miaka miwili hiyo kila Idi alituletea mkate wa kumimina, binti yake anaufikisha umefungwa kwenye kitambaa cheupe, na kliniki nzima tunaula tukimsifu. Nikikutana naye harusini nilimwuliza "jino vipi?" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na kabla hajajibu nimeshamwuliza habari ya wajukuu. Shumba nikapunguza kwenda, nikamsingizia mume wangu. Kazini nilikuwa mwangalifu mpaka wenzangu wakanitania. Uzi nilitia kila jino, mate nilikausha, wafungaji wote niliwarudisha baada ya futari, hata wanaotoka Makangale na kunung'unika. Kofia zangu zilikaa vizuri kweli, moja baada ya nyingine, kana kwamba meno ya watu wengine yangeweza kulifidia la kwake.

Maalim akaja siku moja ya kiangazi, leso yake ya mkononi imepigwa fundo pembeni. Akalifungua fundo juu ya meza yangu. Kofia ilikuwa nzima, inang'aa, haina hata ufa. Ndani yake kimekwama kisiki, cheusi, laini kama tende iliyolowa. Ilimtoka akila mkate. Niliigeuza mwangani nikaona weusi umeanzia upande wa ulimi, ukaenea kwenda pande nyingine.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema Maalim. "Ulinambia nisugue mpaka ndani kule, na mie mkono huu tangu niteguke hauinuki vizuri. Nimekuharibia kazi yako."

Nikasema, "Usijali, Maalim. Hutokea."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sura yoyote aliyonifundisha. Hutokea. Kama vile ni mvua.

Daktari akaishika kofia akatikisa kichwa. "Mashine hizi zinasifiwa tu," akasema. Hapo pia nikanyamaza. Akaung'oa mzizi uliobaki, na Maalim akarudi Shumba kwenye uji, mkate wa kuchovya na samaki wa kuchambuliwa. Kofia nikaitia kwenye kikopo cha plastiki, nikakiweka kwenye mtoto wa meza, chini ya karatasi.

Miezi michache baadaye wanawe wakamwandalia safari ya Hija. Kwetu anayekwenda Hija haondoki kimya kimya. Anazunguka kwa jamaa, kwa majirani, kwa mwenye duka, hata kwa mtu waliyegombana zamani juu ya mkarafuu wa mpakani, anawaomba radhi mmoja mmoja. Baina yako na Mola wako unaweza kwenda kuomba huko huko. Haki ya mtu inabaki kwa mtu mpaka mwenyewe aiachie, na Maalim alitufundisha hivyo tukiwa hatujaota meno ya ukubwani.

Asubuhi moja akafika kliniki. Akaomba radhi kwa daktari, kwa mama anayefagia, kwa kijana wa mapokezi ambaye hata hamjui. Kisha akaingia chumbani kwangu, akaufunga mlango nyuma yake.

"Na weye n'na lako kubwa," akasema. "Nilikusengenya, mwanangu. Nilimwambia binti yangu kofia ile ilikuwa mbovu tangu siku ya mwanzo, ulimi wangu uliona. Nikasema ulikuwa na haraka zako siku ile. Nilikudhania vibaya, kumbe mie mwenyewe ndo nilieshindwa kuisugua. Nisamehe, nisende nalo."

Kila alichokiita dhana mbaya kilikuwa kweli. Alikuwa ananiomba radhi kwa kusema kweli. Alinishika mikono yote miwili, glavu sijazivua, na nikasikia sauti yangu inasema, "Nimekusamehe, Maalim. Mungu akutakabalie." Akatokwa na machozi, akacheka kidogo kwa kupumua, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Na niliogopa, kwa sababu anayekwenda Hija anaweza asirudi, na huyu angekwenda ameshaungama kosa langu, mimi nimebaki nyumbani na radhi yake mfukoni.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nane nilizimaliza kwa visingizio. Wagonjwa wengi. Mtoto ana homa. Labda nimwambie binti yake amwambie. Labda tayari anajua. Labda nikimwambia nitamharibia safari, na hicho ndicho kisingizio nilichokipenda zaidi, kwa sababu kilinifanya nionekane namhurumia. Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, nikakitoa kikopo kwenye mtoto wa meza, nikaomba ruhusa, nikapata nafasi kwenye gari la mtu anayekwenda Msuka, akaniteremsha Shumba.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake wamekaa ukumbini, uani kunapikwa, sanduku limeshafungwa kamba na kuandikwa kwa wino mweusi. Kila anayeingia anamkumbatia na kumtuma dua zake. Nilikaa mkekani saa nzima, kikopo kimo mkobani, nikitafuta nafasi ya kumpata peke yake, na kila ilipotokea nikaona mtu mwingine anaihitaji zaidi. Adhana ya alasiri ikaninusuru. Maalim akainuka kwenda kutawadha, akatupa jicho huku na huku, akanichagua mimi.

"Njoo unimwagie maji," akasema. "Mkono wenyewe ndo huu."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kibao cha kukalia na ndoo ya maji. Nikachota kwa kata. Nikammwagia viganjani. Aliposukutua aliyapeleka maji upande wa kushoto, kwenye pengo, akatema pembeni. Nikammwagia ya uso. Hapo nikasema, kwa kuwa nilijua nikisubiri tutamaliza.

"Maalim, kofia ile hukuiharibu weye. Ilikuwa imeachia upande wa ulimi tangu siku ile ile. Nilipima nikaona."

Akaendelea kuosha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. "Uliona kabla hujaigandisha?"

"Kabla."

"Na nilipokuja na leso?"

"Nilijua."

"Na juzi juzi, nilipokuja kukuomba radhi?"

Nikachota kata nyingine. "Nilijua, Maalim."

Akanyoosha mkono wa kushoto, nikaumwagia. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, marefu, ya uzi na damu na kuogopa kwake kumeza. Yote yalikuwa ya kweli na yote yangemrudisha yeye ndani ya kosa, na hilo nilikuwa nimeshalifanya vya kutosha. "Wakwe zangu walikuwa wanakuja kufuturu," nikasema. "Nilikuwa na haraka ya magimbi."

"Magimbi," akasema.

"Magimbi."

Akapaka maji kichwani na masikioni. Akanyoosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alipomaliza akaupinda mguu kwa taabu akakitazama kisigino chake, nyuma kabisa, kama alivyokuwa akitazama vyetu. Nilisimama na kata mkononi kama mtoto aliyerudishwa.

"Jino nimekusamehe," akasema. "Lishakwenda, na meno ndo yanakwenda. Lakini kuniacha mie nije nikushike mikono, nilie mbele yako, na weye ukanambia nimekusamehe, hilo bado. Sitaki kulisema mdomoni na moyoni halimo. Nitakuwa nimekwenda Hija na uongo."

"Sawa, Maalim."

"Nitaliombea huko. Haya, niinue."

Nikamwinua, akaingia kusali. Kikopo sikukitoa. Nilisali safu ya nyuma, na sijui nilichosoma.

Niliporudi Chake nilimwambia daktari pia. Akapangusa miwani yake, akauliza ni wangapi wengine. Nikamwambia hakuna, ni huyo mmoja. Ilikuwa kweli, na nikaona usoni mwake kwamba sasa hana namna ya kulijua hilo. Tangu siku hiyo kila kofia yangu anaipitishia sindano yeye mwenyewe kabla sijaigandisha. Sijawahi kulalamika.

Maalim alirudi salama. Nilikwenda na watu kumpokea, akanipa tende na maji ya zamzam kama alivyowapa wengine, si zaidi wala si pungufu. Lile jambo hakuligusa. Wiki zikapita. Halafu akaja kliniki, akakaa kwenye kiti changu, akanionyesha pengo kwa kidole.

"Nataka kutafuna," akasema.

Jino lililong'oka haliwekewi kofia, kwa kuwa hakuna kisiki. Kinachowezekana kwetu ni daraja, kofia mbili zilizoshikana na jino la bandia katikati, na kofia hizo mbili zinahitaji visiki. Nilimweleza yote bila kupunguza. Nilimwambia itabidi yachongwe meno mawili ya jirani, mazima, yasiyo na kosa, na kwamba kama kofia ya mwanzo ingekaa, hayo mawili yasingeguswa. Nikamwambia kuna matabibu wazuri Unguja.

"Weye fanya," akasema. "Saa n'nayo siku nzima."

Daktari akayachonga. Mimi nikatia uzi, nikakausha, nikapiga picha, na mstari ukatoka umezunguka wote bila kukatika. Kauri ya daraja ni nyingine, nyeupe kama chaki. Mashine inaichonga kubwa kuliko mdomo unavyotaka, kisha tanuri linaifinya kwa saa nyingi mpaka irudi kwenye kipimo. Ikabidi Maalim alale mjini kwa jamaa zake, arudi kesho yake.

Kesho yake nikamvika. Upande wa shavu ncha iliteleza, ubavuni ikateleza. Upande wa ulimi, kwenye jino la nyuma, ikashika kidogo mno, kisha ikapita. Nikarudia, ikashika tena. Haikuwa kama ile ya mwanzo, haikufika hata nusu yake. Wako mafundi wazuri ambao wangeipitisha, na hata daktari, akiwa na watu wengi nje, huenda angeipitisha. Maalim alikuwa ananitazama kutoka chini, mdomo wazi. Nikautoa mkono wangu apate kusema.

"Imekaa?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Upande wa ulimi inanasa. Ni padogo, lakini inanasa. Itabidi nipige picha upya na urudi tena kesho, na unatoka mbali. Niwie radhi, Maalim."

Akaufunga mdomo. Akapitisha ulimi taratibu, akaurudisha, akaupitisha tena.

"Mie sioni kitu," akasema.

"Mimi nimeona."

Akaiweka mikono juu ya tumbo. Nje kijana wa mapokezi alikuwa anaita mgonjwa mwingine. "Basi na lile la pili nimekusamehe," akasema. "Piga picha yako."

Akafungua mdomo. Nikalitoa daraja, nikabaki nayatazama yale meno mawili yaliyokuwa mazima, yamechongwa mviringo, madogo kama ya mtoto. Nikachukua kamera nikaanzia upande wa ulimi.